Daftari la Namba

Namba ya kwanza nilipewa na mtu aliyenuna.
Lameki Chidawali, picha za pasipoti, Barabara ya Sita,
kitambaa cha buluu kimepigiliwa misumari ukutani.
"Shusha kidevu," alisema. "Si hivyo. Kama unasoma deni lako."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Aliponikatia vile vipande vinne
niliiona shingo yangu kwa mara ya kwanza
kama kitu kilichojengwa kwa makusudi.

Nikamwuliza: ukipiga picha kubwa, unampiga nani?
Akaandika namba nyuma ya risiti, akasahau kuniaga.

Sina wakala. Dodoma haina mtaa wa mitindo,
ina mitaa ya wizara, ya semina, ya magari meupe,
na upepo wa Agosti unaokubandika vumbi
palepale ulipopaka mafuta ya mdomo.
Kazi yangu haina mlango wa kubisha.
Ina watu, na kila mtu ana saa yake ya kufikika:
Lameki baada ya chai ya saa nne,
Zaituni kabla jua halijatoka, Sabasaba,
akifungua robota la mitumba kama anayechinja,
hataki salamu ndefu.

Kwa Zaituni sikusema mimi ni mwanamitindo.
Nilisema, nipe pasi.
Nikanyoosha mashati kumi na moja kwa pasi ya mkaa,
cheche moja ikanitoboa kanga.
La kumi na mbili akanirushia:
"Vaa, nione linavyoanguka."
Akanizunguka mara mbili, pini mdomoni,
akanibana kiunoni, akatamka kitu katikati ya pini
ambacho hadi leo naamini kilikuwa sifa.

Basi nikajiona fundi wa kuunga.
Nikamwambia Lameki: yuko mama anayejua rangi.
Nikamwambia Zaituni: yuko mnunaji anayejua mwanga.
Kumbe wanajuana!
Tangu harusi moja ya Kongwa hawasemeshani:
koti la kukodi, elfu arobaini,
na mvinyo uliomwagika begani.

Wiki tatu nilikuwa posta.
Nilibeba maneno nikiyapunguza makali njiani:
"mwizi" likafika "mgumu kidogo",
"mchawi wa bei" likafika "mwenye msimamo".
Mwisho wakakubaliana deni liliwe na kazi:
siku moja, shamba la zabibu, Mpunguzi,
nguo za Zaituni, kamera ya Lameki, mwili wangu,
nauli kila mtu yake.

Mizabibu ilikuwa imepogolewa, vijiti vitupu.
Lameki akasema afadhali, majani husema sana.
Yoeli, kijana wa shamba, alishika boksi
lililobandikwa karatasi ya kung'aa,
akanirudishia jua usoni hadi mikono ikamtetemeka.
Nikaandika na namba yake.

Picha zile hazikunipeleka ng'ambo.
Hazikunipeleka hata Morogoro.
Zilinipeleka ukutani: kalenda ya duka la mbolea,
mimi ndiye Aprili, nimekumbatia mfuko wa kilo hamsini,
kidevu kimeshuka vizuri kabisa.
Malipo nusu taslimu, nusu mbolea.
Mama akaitia kwenye mahindi yake, hakuuliza.

Ipo na namba niliyoipigia mstari mwekundu.
Kadi yenye maandishi ya dhahabu:
majaribio, hotelini, saa nne usiku, uje peke yako.
Sikuifuta. Iliyofutwa haimwonyi mtu.
Namsomea kila msichana anayeniuliza,
tarakimu kwa tarakimu,
na Zaituni naye huwasomea wake,
na Lameki, kwa kununa kwake, ameibandika
ndani ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.

Jana alinipigia mmoja, Nyendo, wa Chamwino,
sauti inatetemeka kama bati lililolegea:
dada, naanzia wapi?
Nilitaka kumweleza habari za shingo, za mwanga.
Nikasema: Jumamosi, Sabasaba, gizagiza.
Njoo na mkaa.